Nipange vipi sala ya kila siku, ikiwa kazi yangu inafuata giza na mbalamwezi?

Padre mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama mwenye familia, mkazi wa Igombe hapa Mwanza. Kazi yangu ni kununua dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapowashusha, kuwaanika, na kuwapeleka Kirumba kuwauza kwa wafanyabiashara wa jumla. Nimekusudia kujifunza kujitawala kwa njia ya sala ya kila siku, yaani kuutawala ulimi wangu, fedha zangu na muda wangu, lakini kusudi hilo linagongana kila mara na jambo lisilo katika uwezo wangu, nalo ni mwezi wa angani.

Kama unavyofahamu, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kali hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi hupumzika mpaka giza lirudi. Kwa sababu hiyo nyumba yetu ina maisha ya namna mbili. Wakati wa mbalamwezi ninaamka saa kumi na moja alfajiri, ninasali sala za asubuhi bila haraka, ninasoma Injili ya siku, na saa mbili usiku tunasali Rozari sote, kwa kuwa mume wangu, ambaye ni mvuvi, anakuwa nyumbani. Giza likiingia, yeye hukesha ziwani, nami sina budi kuwa ufukweni kabla hakujapambazuka, kwa maana anayechelewa huachiwa dagaa wa chini ya mtumbwi, ambao wamekwisha kupondeka na hata wakikauka havutiwi nao mnunuzi yeyote. Saa ile ile niliyoizoea kwa sala inanikuta nimesimama ndani ya maji, ndoo mkononi, nikibishana bei.

Nimekwisha kuomba ushauri kwa watu wawili ninaowaheshimu, na kila mmoja amenivuta upande wake. Katekista wetu anasema saa ya sala ikishawekwa haihamishwi, na anatukumbusha fundisho la Katekisimu, namba 2697, kwamba hatuwezi kusali nyakati zote ikiwa hatusali nyakati maalumu, kwa kutaka kwetu wenyewe. Wifi yangu, ambaye naye ni mwanika dagaa, anasema Mungu anaiona kazi yetu, basi nisali moyoni huku nikiendelea na shughuli. Kwa maoni yangu katekista ana haki zaidi, maana nimeona kwangu na kwa wenzangu kwamba sala isiyo na wakati wake husogezwa mbele kidogo kidogo hadi usingizi unapoikuta. Hata hivyo yeye mwenyewe ni mwalimu wa shule, na kengele yake haibadiliki mwaka mzima.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linanigusa kiasi hiki, usije ukadhani nina wasiwasi wa ratiba tu. Pale mwaloni kuna mchezo wa kawaida: mchukuzi anachota dagaa pamoja na maji, ndoo inaonekana imejaa hadi ukingoni, nawe ukiimwaga kwenye wavu wa kuanikia unakuta robo nzima ilikuwa maji. Mama mmoja akilalamika, anajibiwa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya Padre, na wengi wetu tunajua kurudisha. Asubuhi ambazo nimesali kabla ya kushuka ufukweni, sala haiiondoi hasira yangu, lakini inaniwekea nafasi ndogo kati ya neno nililoambiwa na neno ninalotaka kujibu. Katika nafasi hiyo ninaweza kusema kwa utulivu, "Mwanangu, ichuje kwanza," na mara nyingi anaichuja. Asubuhi nisizosali, nafasi hiyo siioni kabisa. Nadhani ndicho kiasi, yaani kujitawala, ambacho Mtume Paulo anakitaja katika barua kwa Wagalatia, sura ya 5, kuwa miongoni mwa matunda ya Roho, na ninakihitaji wakati wa giza kuliko wakati wa mbalamwezi, ninapokuwa nyumbani na hakuna anayenichokoza.

Kwa fedha mambo ni hayo hayo. Giza huleta fedha taslimu kila siku, na mbalamwezi huzila, hivyo asiyejizuia wakati wa kupata huishia kwa wakopeshaji wakati wa kukosa.

Katika mafungo ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) tulifundishwa habari za Mtakatifu Benedikto, na tangu hapo nimekuwa nikizitafakari sana. Kanuni aliyowaandikia watawa wake katika karne ya 6 ina saa kali za sala, lakini sura yake ya 50 inaelekeza kwamba ndugu wanaofanya kazi mbali sana na kanisa, wasioweza kurudi kwa saa yake, wasali pale pale walipo kazini wakipiga magoti. Saa zao za kuamka na za kula nazo zilitofautiana kati ya majira ya baridi na ya joto. Ikiwa watawa waliruhusiwa kufuata majira yao, nimejiuliza kama mimi nami naweza kufuata ya kwangu bila kuwa mlegevu.

Nilichojaribu ni hiki. Wakati wa giza ninasali Nia Njema kabla ya kufungua mlango, kwa sababu ni fupi na maneno yake, "nifanye kazi, nipumzike, amri zake tu nishike," yananifaa kuliko sala ndefu nitakayoikatisha. Kisha ninaitegemea sala ya Malaika wa Bwana. Saa kumi na mbili asubuhi tunanunua, saa sita mchana tunageuza dagaa juani, saa kumi na mbili jioni tunawaanua, na sala hiyo ina saa hizo hizo tatu. Ya mchana inaenda vizuri, na mama wawili wa vibanda jirani wameanza kuijibu pamoja nami. Ya jioni hutegemea mawingu, kwa kuwa mvua ikitishia kila mtu anakimbilia kuokoa mzigo, maana dagaa walionyeshewa huishia kuwa chakula cha kuku. Ya asubuhi bado inanishinda.

Hapa ndipo ninapohitaji mwongozo wako. Je, nikiwa na kanuni mbili, moja ya giza na moja ya mbalamwezi, zote zimeandikwa na kukubaliwa mapema, hiyo bado ni nidhamu, au nimejitafutia njia ya kupunguza? Je, Rozari za familia zilizokosekana wakati wa giza nizihesabu kama deni la kulipwa mbalamwezi ikirudi, kama mama mkwe wangu anavyosisitiza? Nimeona malimbikizo hayo yanawachosha watoto, nao wanaanza kuhesabu Salamu Maria kama vibarua wanavyohesabu ndoo.

Lipo pia swali ambalo nimesita kumuuliza mtu yeyote hapa kijijini. Ninaposali ili niweze kujitawala, je, simfanyi Mungu kuwa chombo cha kurekebisha biashara na tabia yangu? Wifi yangu angecheka kusikia nikiuliza hivyo, lakini ukweli ni kwamba siku nyingine ninainuka kutoka kwenye sala nikiwa nimefikiria zaidi utulivu nitakaoupata kuliko Yeye niliyekuwa ninazungumza naye. Ningependa kujua kama nianze na nia hiyo ndogo na kuiacha itakaswe taratibu, au kama kuna namna nyingine ya kusali inayonipasa.

Ukipata nafasi ya kunijibu, naomba uanze na suala la asubuhi ya giza, kwa kuwa ndilo linalonikabili kwanza.

Mama mwanika dagaa,
Igombe, Mwanza