Barua kutoka Hancock

Baba Zawadi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Mimi mzima, ila makalio yanalalamika. Siku nne nimeendesha baiskeli kando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, na leo nalala Hancock, mji mdogo wa jimbo la Maryland, Marekani, ukingoni mwa mto Potomac.

Ulisema kwenye simu kwamba mji ukishapitwa na reli umezikwa. Nimekukumbuka njia nzima. Ujenzi wa mfereji huu ulizinduliwa tarehe 4 Julai 1828, siku ileile na ule wa reli ya Baltimore na Ohio. Reli ikafika mji wa Cumberland 1842, mfereji 1850, harusi imeshakwisha. Hata hivyo mashua za makaa ya mawe ziliendelea kukokotwa na nyumbu (si wale wa Mara, hawa ni watoto wa punda na farasi) hadi mafuriko ya 1924.

Kilichobaki ni kijia cha hao nyumbu, kilomita 297 kutoka Washington hadi Cumberland. Nusura kigeuzwe barabara ya magari, ila 1954 Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu aliwaalika wahariri wa gazeti watembee naye kwa miguu wajionee. Mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa.

Sasa biashara yenyewe. Mwenye gari hununua soda, akaondoka. Mwenye baiskeli huingia jioni na vumbi, njaa na mnyororo uliokatika, wala hana pa kukimbilia. Mimi jana nimelipia sahani mbili za chakula, kitanda, fundi na sabuni ya kufulia, vyote ndani ya mji huuhuu. Hata vijumba vya walinzi wa malango ya maji (yale ya kupandisha na kushusha mashua) vimekarabatiwa, vinakodishwa kwa wageni. Vingine havina umeme wala bomba, na watu wanalipa!

Si muujiza. Yapo maduka yaliyofungwa bado, na kipupwe wapita njia huadimika.

Lakini hapo Mtito Andei, tangu treni mpya ya Nairobi na Mombasa ianze 2017 mnalia kwamba mabasi yamepungua, na huku lango la hifadhi ya Tsavo liko mlangoni penu. Wanaoingia pale wanakula kwa nani? Wanalala wapi? Niandikie.

Kesho naelekea handaki la Paw Paw, karibu kilomita nzima ya giza. Tochi ninayo.

Ndimi swahiba wako.