Risala ya Akina Mama Wagonga Kokoto wa Njiru kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wa mtaa, viongozi wa dini, akina mama wenzetu, na vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha: hamjambo?

Karibu Njiru, Mhandisi. Tulipoambiwa mgeni wetu ni mwanamke aliyesomea migodi na aliyewahi kushuka chini ya ardhi na helmeti yake kichwani, tulikubaliana risala hii isiwe ya kuhesabu shida kama tulivyozoea. Shida zenyewe zitakufuata. Viatu vyako vitakuwa vya kijivu kabla hujafika kwenye gari.

Sisi ni wanawake wa timboni. Wanaume hupasua mwamba na kuchonga mawe ya kujengea, na mabaki huja kwetu. Mama huketi chini, akalizungushia jiwe pete ya mpira wa tairi kuukuu ili vipande visimrukie machoni, kisha akagonga. Debe likijaa, hulimwaga kwenye fungu lake na kuanza upya. Fungu likitosha lori huja, na bei huitaja dereva. Zege la maghorofa mengi ya huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, limepitia mikononi mwetu.

Miongoni mwetu wamo waliotoka Ikolomani kule Kakamega, eneo ambalo dhahabu yake ilivuta watu tangu miaka ya 1930, na wengine Migori. Hao waliosha mchanga kwa karai na kushika zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu kabla ya kuja Nairobi. Kuna mashimo huko ambayo mwanamke hateremki, ati dhahabu itakimbia. Atatwanga, ataosha, atapika.

Kugonga kokoto ni kazi ya kutwa, na hadithi ndizo huisogeza siku. Ndivyo katibu alivyotuletea maisha ya Nellie Cashman, mwanamke mchimbaji wa zamani, na bibi huyo hajaondoka timboni mpaka leo. Turuhusu tukusimulie kidogo, maana ombi letu limetokana naye.

Alizaliwa Ayalandi mwaka 1845 au karibu na hapo, wakati ugonjwa wa viazi ulipoanza kuleta njaa kuu. Akahamia Marekani, na popote aliposikia madini yameonekana, alifunga mizigo. Katika majira ya baridi ya 1874 kuamkia 1875 alikuwa Victoria, Kanada, habari zikaja kwamba wachimbaji wa Cassiar, eneo la dhahabu kaskazini zaidi ambako yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi, wamezingirwa na theluji na wanakufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa mboga na matunda. Akanunua viazi na maji ya ndimu, akaajiri wanaume 6, wakaanza kuvuta karibu kilo 700 za mizigo juu ya theluji. Mkuu wa kambi ya jeshi aliona huyu mama amerukwa na akili, akatuma askari wamrudishe. Inasimuliwa kwamba walimkuta juu ya mto ulioganda, anapika, akawakaribisha chai. Wakanywa, wakarudi bila yeye. Safari ilichukua siku 77, na wachimbaji wakapona.

Hapo bibi mmoja wetu aliacha kugonga akauliza: chai, juu ya barafu? Ikabidi ielezwe tena.

Mwaka 1880 alikuwa Tombstone, Arizona, Marekani, mji wa migodi ya madini ya fedha, anaendesha mkahawa na nyumba ya wageni. Dada yake alipofariki, watoto wake 5 wakawa wa Nellie. Yeye hakuolewa kamwe, na jambo hilo lilijadiliwa hapa kwa kirefu kuliko dhahabu yenyewe. Mwaka 1884 wanaume 5 walihukumiwa kunyongwa mjini humo, na mtu mmoja akajenga jukwaa la kuwauzia watu tiketi wakatazame. Nellie alikwenda usiku na wachimbaji wenzake wakalibomoa. Hakuwatetea kwa walichotenda. Alikataa tu kifo chao kigeuzwe maonyesho.

Mwaka 1898, akiwa amepita miaka 50, alipanda njia ya mlimani ya Chilkoot kwenda kwenye dhahabu ya Klondike, kaskazini mwa Kanada. Akafungua duka Dawson, mji wa huko, ambako mchimbaji asiye na senti aliketi akaota moto. Kisha akasonga kaskazini zaidi, mpaka Koyukuk huko Alaska, juu ya Mzingo wa Aktiki, akachimba huko karibu miaka 20. Alipokaribia miaka 80 bado alisafiri kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji kinachovutwa na mbwa. Alifariki Januari 1925 mjini Victoria, katika hospitali ya masista ambayo alikuwa ameichangishia fedha tangu ujana wake. Mwaka 1994 Marekani ilichapisha stempu yenye picha yake.

Sasa, Mhandisi, wengi wanaomtaja Nellie humwita malaika wa wachimbaji. Sisi pia tulianza hivyo. Mweka hazina wetu ndiye aliyekataa. Huyo bibi, alisema, alipata wapi pesa za viazi? Tukarudi kwenye hadithi tukaona kwamba kila alikokwenda alikuwa na kitalu chake cha kuchimba madini, au duka lake, au mkahawa wake. Alipotoa, alitoa chake. Alipowaambia wanaume waje wamsaidie, walikuja, kwa sababu alikuwa mchimbaji kama wao.

Wageni wetu waliotangulia walitusifu sana. Walituita mashujaa, nguzo za jamii, wakapiga picha wakiwa wameshika nyundo, na mmoja aliishika upande usiofaa. Tuliwashukuru. Lakini jiwe tunaloketi juu yake si letu. Mwenye shimo akiamua kesho kwamba mabaki anamuuzia mwingine, hatuna karatasi ya kumwonyesha. Tuliwahi kwenda ofisi moja kuuliza habari za kibali, tukaelekezwa nyingine, na hiyo ikaturudisha ya kwanza.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa Mkenya nafasi ya kuomba kibali. Hilo tunalijua. Tusichokijua ni namna mlango huo unavyofunguliwa kwa watu kama sisi, wa jiwe la kujengea hapa mjini. Kwa hiyo hatukuombi fedha leo, ingawa ukiwa nazo hatutakimbia. Tunaomba siku yako moja. Uje bila kamera, uketi na kamati yetu, utufundishe ni fomu gani, ni ramani gani, nani hutia sahihi na ada ni kiasi gani. Kitabu cha chama chetu kimeandikwa vizuri, na akiba ipo. Na siku hiyo ukija, ukague ukuta wa timbo upande wa bonde, maana tangu mvua za juzi una ufa, na wanaume wanasema si kitu.

Wapo pia mabinti zetu walioko sekondari. Wawili wanataka kusomea miamba. Wamekaa safu ya pili, wamevaa sare. Tafadhali usiondoke kabla hujasema nao.

Chakula kiko tayari. Karibu.

Risala imesomwa na katibu,
kwa niaba ya akina mama wagonga kokoto, Njiru, Nairobi.