Vile vitabu ulivyoniachia

Mwanangu, mama yangu, salama huko? Sisi huku Kirumba, Mwanza, wazima, upepo wa mwezi wa saba ndo umeanza na ziwa limechafuka kidogo.

Vile vitabu nimemaliza vyote viwili. Si unajua mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawatoki, taa hazisaidii kitu, kwahiyo sokoni Mwaloni panapoa siku kadhaa, nikawa nakaa kibarazani nasoma mpaka mama yako anauliza kulikoni.

Nilianza na cha Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kinene na kinaenda taratibu, kurasa za mwanzo nilitaka kuacha. Alafu nikaingia. Yaani wakwe wamemchukua binti yao kisa anasimangwa hazai, ila mume anamfuata hukohuko ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi na anaitafuta mpaka inapatikana, ili tu arudi na mke wake. Mimi na mama yako tulikaa miaka minne kabla hujazaliwa, yale maneno ya ndugu nayajua, nilisoma pale polepole sana. Na mzee wa watu alimaliza kukiandika kwa Kikerewe 1945, hakikuchapwa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35! Mi napokea dagaa wa Ukerewe kila wiki na sikuwahi kumsikia.

Sasa Rosa Mistika. Kezilahabi nae wa hukohuko Ukerewe, Namagondo. Nilikuwa nasikia tu kwamba kiliwahi kukatazwa mashuleni nikadhani ni matusi matupu. Si matusi. Zakaria anampiga binti yake kisa barua ya mvulana, binti anakua anajua kuogopa tu, siku akiwa mbali na baba hana anachokijua na hana wa kumuuliza.

Hapo nilifunga kitabu mama. Nikakumbuka ukiwa fomu tuu, ile simu niliyoikuta chini ya godoro, nilivyoipiga ukutani na maneno niliyokwambia mbele ya wadogo zako, na hata sikukuuliza huyo kijana ni nani na anataka nini. Nikawa najitetea moyoni, Zakaria mlevi mimi sinywi, najitetea kurasa nzima, lakini hasira ilikuwa ileile. Toka siku ile ukawa unanijibu ndiyo baba, hapana baba, basi. Miaka yote hii nilidhani ni adabu.

Nisamehe mwanangu. Nilitaka kupiga simu nikaona nitaishia kuuliza habari za masomo na hela ya matumizi kama siku zote, bora niandike.

Mwezi wa kumi na mbili ukija tupande meli ya Nansio, mimi na wewe, tufike mpaka Namagondo tupaone. Na kama una kingine cha huyu Kezilahabi uje nacho.

Baba yako