Pale Nyali si mto

Mhariri,

Juzi mjukuu wangu aliniambia kuwa chini ya Daraja la Nyali pana "mto". Nilisikitika. Ule ni mkono wa bahari wa Tudor. Zama za kale, bahari ilipokuwa chini, mito ilichimba bonde. Kisha bahari ikapanda ikalifunika. Hata leo mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji humo, na matope yao yanapotua ndipo mikoko huota.

Ujanani nilivuka kwa daraja la kuelea, lile la 1931. Maji yakijaa linapanda nayo, yakipwa linashuka, na wasukuma mikokoteni walihema kwelikweli kuupanda mwinuko wa kutokea. Hili la zege lilifunguliwa 1980. Ng'ambo, Kengeleni, ungali umesimama mnara wa kengele wa Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa 1875.

Walimu wetu wa Kisauni, nawaomba: wapelekeni watoto siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yakishapwa, waione mikoko na mizizi yake. Nanyi mnaomwaga taka humo usiku, komeni. Ndimo kamba na kaa wanamokulia.

Babu wa Kisauni,
Mombasa