Klorini ifike kabla ya mvua

Mhariri,

Habari za kipindupindu huanza kuandikwa wagonjwa wakishalazwa. Hapo tumechelewa. Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoanza, Tanzania iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000.

Mvua hufurisha vyoo vya shimo hadi kwenye visima vifupi. Lisilosemwa sana ni bomba: maji ya mgawo yakikatika presha hushuka, na bomba lenye ufa lililolala kwenye maji machafu huyavuta ndani. Kwa hiyo maji ya kwanza yakirudi yasikingwe kwa ajili ya kunywa. Ukame nao una hatari yake, maana watu hubanana kwenye chanzo kimoja na maji ya kunawa mikono ndiyo huwa ya kwanza kupunguzwa.

Klorini hushindwa kwenye maji ya tope kwa sababu huishia kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vimelea. Yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, tia dawa, subiri dakika 30. Kipimo kionyeshe klorini huru, yaani ile iliyobaki majini ikiweza bado kuua vimelea, isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita. Huna kipimo? Chemsha, yatokote dakika moja, kisha hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na koki.

Tunaziomba halmashauri: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua za juu ya wastani, klorini na vipimo vifike kwenye kata wiki hiyohiyo, bila kungoja mgonjwa wa kwanza.

Maofisa afya ya mazingira,
Dar es Salaam