Salim, waya kwanza, prosesa baadaye

Tanga, Jumapili usiku

Kaka Salim,

Assalam aleikum. Natumai mama anaendelea vizuri, shemeji hajambo, na goti la Mzee Bakari limepata nafuu. Sisi huku wazima, ni joto tu. Salamu ziishie hapo, maana ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, na mara zote nimetoka na mambo mawili: Hamisi wa Columbus, Marekani, kapata Marantz AV8802 iliyotumika, ile prosesa ya kuongoza sauti na picha za sinema ya nyumbani, na fundi wa jipsamu anaanza dari ya sebule Alhamisi. La kwanza umelieleza dakika sita. La pili umelitaja ukiwa unaaga. Umeyapindua, bwana.

Prosesa unaweza kununua mwezi huu, au Ramadhani ijayo, au usinunue kabisa. Dari ikishapigwa skimu na rangi, kuifungua tena ni ugomvi na fundi, na ugomvi mkubwa zaidi na shemeji. Kwa hiyo kabla hujamtumia Hamisi hata senti, pitisha waya wa spika za juu. Jozi mbili, yaani nyaya nne, kutoka pale kwenye kabati la vyombo hadi juu.

Umesema dari itakuwa mita 2.7. Kaa kwenye kochi upimwe kutoka sakafuni hadi sikioni. Tuseme sentimita 95. Inabaki mita 1.75 kati ya sikio na dari. Kochi lako limegusa ukuta wa nyuma, kwa hiyo usihangaike na spika za nyuma ya kichwa, hazina pa kukaa. Jozi ya kwanza iwe mbele ya kichwa kwa sentimita 45 hivi. Hapo sauti inashuka kwa kama nyuzi 75, na Dolby, wenye mfumo wa sauti za darini uitwao Atmos, wanaruhusu jozi ya katikati ikae kati ya nyuzi 65 na 100. Kushoto na kulia, zifuate mstari wa spika zako kubwa za mbele. Jozi ya pili ipeleke ukuta wa TV, pale juu unapokutana na dari. Halafu mwulize fundi panga boi linaning'inia wapi. Likiangukia kati ya spika na kichwa chako, sogeza panga boi, usisogeze spika.

Waya wa shaba, nyuzi mbili, 2.5 mm². Dukani usiangalie maandishi ya kwenye roli. Kata kipande, kwaruza kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenyewe. Usiufungamanishe na waya wa umeme wa taa. Uache nafasi ya sentimita 30, na pakibidi kukatizana wakatizane kwa msalaba. Juu ya dari acha mita moja na nusu ya ziada, uviringe, uufunge kwenye chuma cha jipsamu. Kisha piga picha ukiwa umeweka futi ya chuma kutoka ukutani hadi ulipo waya. Bila picha hiyo, mwakani mtatoboa dari kama ungo.

Sasa hiyo 8802. Mwulize Hamisi swali moja tu: ni 8802 au 8802A? Herufi hiyo moja ina kazi kubwa. 8802 zilizotoka kiwandani mwanzo hazikuwa na HDCP 2.2, yaani ule ufunguo ambao diski za 4K na visanduku vya filamu huutaka kabla ya kutoa picha kamili. Baadaye kikaja kibao kipya cha HDMI, ndiyo hiyo A, na wenye zile za mwanzo waliweza kubadilishiwa kibao kwa kulipia. Kwa hiyo lebo ya nyuma haitoshi kukuhakikishia. Hamisi aiunganishe na kicheza diski cha 4K na TV ya 4K mbele ya muuzaji. Picha ikishuka hadi 1080p au skrini ikawa nyeusi, mashine hiyo itakupa ugonjwa uleule ulio nao sasa kwenye 8801, prosesa yako ya sasa, isipokuwa umeulipia upya.

Tena aulizie maikrofoni ya kupimia chumba, ile yenye umbo la mnara mdogo. Wauzaji wengi wameipoteza, na si kila maikrofoni inafaa, kwa sababu mashine imepangwa kwa mwitikio wa ile yake.

Na umeme! Hili hukuligusa kabisa. Mashine ya Marekani imeandikwa 120 V, 60 Hz. Mombasa una 240 na 50. Transfoma ya kushusha inashughulikia volti, haigusi hezi, kwa hiyo transfoma iliyo ndani ya prosesa itapata joto zaidi kidogo na huenda ikavuma. Faraja ni kwamba prosesa haisukumi spika, inakula umeme kidogo, kwa hiyo transfoma ya VA 500 inatosha na kubaki. Lakini iwe transfoma ya kweli, nzito, ya chuma na shaba. Vile vidude vyepesi vya wasafiri, vya kukaushia nywele, weka mbali. Juu yake weka stabilaiza, maana umeme ukirudi kwa kishindo cha kwanza kufa ni kibao cha HDMI, na kibao hicho huku kwetu hakipatikani kwa bei ya maana.

Haya, tuseme ni A, ni nzima, na maikrofoni ipo. Unapata nini ambacho huna? Unapata Atmos na mwenzake DTS:X, yaani mifumo yenye sauti za juu za kweli, na picha ya 4K kupita ndani ya prosesa. Hayo ndiyo makubwa. Marekebisho ya sauti kulingana na chumba ni Audyssey MultEQ XT32, na 8801 yako inayo hiyohiyo. Kwa hiyo ule mngurumo unaoulalamikia, besi kuvimba kwenye kochi na kupotea mlangoni, utakuwa palepale. Nalisisitiza hili kwa sababu dakika mbili nzima za ujumbe wako zilikuwa za besi, halafu ukamalizia "ndiyo maana nataka kubadili". Hapana. Besi yako inataka sabwufa ya pili. 8801 ina tundu mbili za sabwufa na inazipima moja moja kabla ya kuzirekebisha pamoja. Iweke hiyo moja uliyonayo juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale noti zote zinapolingana ndipo pa kuweka sabwufa. Shemeji akicheka mwache acheke.

Ukipima upya, zima panga boi, zima AC, zima friji ikiwa inasikika. Maikrofoni iwe kwenye kigoda cha kamera kwa urefu wa sikio, isilale kwenye mto wa kochi. Mahali pa kwanza pawe pa kichwa chako hasa, kwa sababu umbali wa kila spika unakokotolewa kutoka hapo. Maliza mahali pote pa nane, usikatishe pa tatu kama safari ile na Juma. Ikimaliza utakuta spika za mbele zimeandikwa "Large". Zigeuze ziwe "Small", 80 Hz, ili besi ya chini ya hapo iende kwenye sabwufa. Utakuta pia sabwufa imeandikiwa mita tano wakati iko mita tatu. Usiiguse. Inahesabu na ucheleweshaji wa mitambo iliyo ndani ya sabwufa yenyewe.

Nirudi kwenye dari, maana ndiyo inanikosesha usingizi na wala si nyumba yangu.

Amplifaya zako ni ya chaneli 5 na ya chaneli 2, jumla saba. Hizo mbili sasa zinaendesha spika za nyuma kabisa, ambazo zimebanwa ukutani sentimita kumi kutoka kisogoni. Hazikusaidii kitu. Chaneli hizo mbili zihamishie spika za juu, unapata 5.1.2, yaani spika tano za usawa wa sikio, sabwufa, na mbili za juu, bila kununua amplifaya. Na habari nzuri: hata 8801 inajua spika za juu mbele, kwa Pro Logic IIz au DTS Neo:X. Si Atmos, inabuni tu sauti ya juu kutokana na ile iliyopo, lakini inatosha kukuonyesha kama sikio lako linajali mambo ya darini. Unganisha jozi ya ukuta wa TV, ingia kwenye menyu uipe jina la Front Height, tazama filamu tatu. Usipoona tofauti, mwambie Hamisi asante.

Kuhusu picha nyeusi: 8801 ni HDMI 1.4, haina HDCP 2.2, kwa hiyo usilazimishe picha ya 4K ipite humo. Kuna vicheza vyenye HDMI mbili za kutoa, kwa mfano Panasonic DP-UB820: moja peleka TV, nyingine peleka prosesa kwa ajili ya sauti tu. Diski ya Atmos itapigwa kama TrueHD ya kawaida, ile sauti ya Dolby isiyopoteza kitu, zile sauti za juu zikiwa zimechanganywa humo humo kwenye 7.1. Hakuna kinachokatwa.

PlayStation 5 ya Rashid ichomeke moja kwa moja kwenye TV, hata ukinunua hiyo 8802A. 4K ya fremu 120 inataka HDMI 2.1, na 8802A haina. Sauti irudi kwa ARC, yaani kupitia waya uleule wa HDMI kutoka TV hadi prosesa. Kwenye mipangilio ya sauti achague Dolby badala ya Linear PCM, yaani sauti isiyobanwa, kwa sababu ARC ikipewa PCM hupitisha chaneli mbili tu, ndiyo maana alikuwa analalamika kwamba spika za pembeni zimekufa. Hazijafa.

Ile sauti uliyosema inakatika sekunde mbili wakati wa taarifa ya habari, kabla ya kuilaumu prosesa, badilisha waya wa HDMI. Picha ikipepesa pamoja na sauti, ni waya au mapatano ya vyombo. Washa TV kwanza, kisha prosesa, mwisho kisanduku. Kama waya ni ule wa fiba, uchunguze pande zake: umeandikwa upande wa chombo na upande wa TV, ukigeuzwa haufanyi kazi.

Na kama siku moja utataka kubadili kweli kweli, usifikirie prosesa tupu pekee. Marantz AV10 ilitoka kwa dola 7,000, hiyo ni boti yenye injini. Ila risiva, yaani prosesa na amplifaya ndani ya sanduku moja, kama Denon AVR-X3800H ina tundu za kutolea sauti za chaneli 11 na sabwufa nne, unaweza kuzima amplifaya zake za ndani kwenye menyu na kutumia zako, ina eARC, ile ARC iliyoboreshwa, na Dirac, programu nyingine ya kurekebisha sauti ya chumba, unaweza kuiongeza kwa kununua leseni. Haina XLR, zile tundu za waya mrefu wa kitaalamu, lakini waya wako kutoka kabatini hadi kwenye amplifaya haufiki mita mbili, waya wa kawaida wa RCA unatosha. Na yenye umeme wa 230 inauzwa, huhitaji kubeba transfoma kutoka popote. Mimi pesa ya Hamisi ningeielekeza huko, lakini si mwezi huu.

Sasa nijibu, na usinitumie sauti, andika. Dari ni jipsamu yote au kuna sehemu imebaki zege? Fundi anafunga Alhamisi hiyohiyo au anaweka chuma kwanza? Kutoka kabatini hadi mbele ya kochi ni mita ngapi ukifuata ukuta, si ukikata hewani? Hamisi keshalipa chochote? Yule kijana wa Kisauni aliyekuwekea AC bado ana ile springi ya kuvutia waya? Na kile kigoda cha kamera cha Zuhura, ulikirudisha au bado kiko kwako?

Nisalimie wote. Rashid mwambie Dolby, si PCM.

Ndugu yako,
Idi