Ukaguzi wa nyamapori barabarani uende kwa karatasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ukaguzi wa magari unaofanywa kwa ajili ya nyamapori katika barabara ya Musoma hadi Mwanza, hasa kipande cha Bunda, Ndabaka, Lamadi, Magu na Kisesa. Barabara hii inapita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti, na pale Ndabaka hifadhi inakaribia kabisa kugusa Ziwa Victoria. Nyumbu aliyenaswa kwa waya usiku anaweza kuwa ameshaliwa mjini Mwanza kabla ya mchana. Kwa hiyo vizuizi viwepo na magari yapekuliwe. Mwindaji mwenye leseni ananufaika kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa jangili anammalizia wanyama na kumchafulia jina. Tatizo liko kwenye namna upekuzi unavyofanyika.

Nianze na sisi wawindaji, maana nusu ya usumbufu wa kizuizini hupakiwa porini. Wengi huitoa nyama kwenye mifupa, wakaikata vipande na kuisokomeza kwenye viroba ili ichukue nafasi ndogo. Nyama ya namna hiyo haina jina. Askari mwenye tochi hawezi kujua kama ni nyumbu, pofu au ng'ombe, wala hawezi kuhesabu wanyama. Leseni ikisema nyumbu dume mmoja, mzigo nao useme hivyo hivyo. Mnyama agawanywe mapande makubwa: mapaja mawili ya nyuma, mikono miwili ya mbele, mbavu na mgongo. Kila mguu ubaki na kwato yake na kipande cha ngozi yenye manyoya, upana wa kiganja. Kichwa na mkia visitupwe, na alama ya jinsia iachwe kwenye paja mojawapo. Hapo askari anahesabu miguu minne, anasoma leseni, na gari linaendelea na safari.

Hesabu hiyo ya miguu ina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Nyara, yaani mnyamapori au sehemu yake yoyote, haithaminiwi kwa kilo, inathaminiwa kwa mnyama mzima. Katika mashauri mengi yaliyosikilizwa Bunda na Musoma, nyumbu mmoja amewekewa thamani ya dola 650 za Marekani na pundamilia dola 1,200, hata pale kilichokamatwa kilipokuwa paja moja lililokauka. Marafiki watatu wakigawana nyama porini na kila mmoja akaondoka na gari lake, leseni iko kwenye gari moja tu. Wale wawili wamebeba nyara ya serikali bila kibali. Kosa hilo chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hushtakiwa kama uhujumu uchumi, na vifungo vya miaka 20 vimekuwa vikitolewa. Mzigo wote usafiri pamoja na leseni yake, usitengane nayo hata kwa kilomita moja.

Kuna pia suala la joto. Nyumbu dume akiwa hai hufika kilo 200 hadi 250, na akishachunwa unabaki na zaidi ya kilo 100 za nyama na mifupa. Mzigo huo ukilazwa kwenye bodi la pikapu chini ya turubai, saa saba mchana, paja huanza kuharibika ndani karibu na mfupa wakati nje bado linang'aa. Mapaja yaning'inizwe yapoe kwanza, yasirundikwe yakiwa na joto la mwili. Barafu ya kuhifadhia samaki inauzwa mialoni kando ya ziwa. Ifungwe kwenye mifuko ya plastiki isiloweshe nyama. Mwenye mzigo uliopoa vizuri anaweza kusubiri kizuizini bila kuanza kugombana na askari.

Silaha nayo ina utaratibu wake. Kabla ya kuikaribia barabara kuu chemba iwe tupu, magazini imetolewa, komeo limechomolewa, bunduki iko kwenye mfuko wake na risasi kwenye boksi tofauti lililofungwa. Gari likisimamishwa, dereva azime injini, kama ni usiku awashe taa ya ndani, aache mikono kwenye usukani na aseme mapema: “Afande, kuna bunduki siti ya nyuma, haina risasi.” Asigeuke kuifuata. Leseni ya kumiliki silaha na leseni ya uwindaji vikae pamoja kwenye mfuko mmoja usioingiza maji, na mnyama awe ameandikwa kwenye leseni pale pale alipoangukia. Wino ambao haujakauka wakati taa za kizuizi zinaonekana humtia shaka askari yeyote, na ana haki ya kushuku.

Sasa nije kwa wanaokagua. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayekamata kitu katika upekuzi atoe risiti ya kukikamata, yenye sahihi za mwenye mali na mashahidi walioshuhudia. Porini mahakama imewahi kuelewa kwamba shahidi huru hapatikani, maana ndani ya hifadhi hakuna mkazi. Barabarani hoja hiyo haina miguu. Lamadi au Magu kuna madereva, kuna bodaboda, kuna mama ntilie, kuna mwenyekiti wa kitongoji anayefikika kwa simu. Aitwe mmoja kabla turubai halijafunuliwa, aone kila kinachoshushwa. Kumwita baadaye aje kusaini karatasi iliyokwisha kujazwa si ushahidi.

Na hiyo hati ijazwe pale pale. Mara nyingi vitu huandikwa baadaye kituoni, na mtu ambaye hakupekua, kwa maneno kama “viroba vitatu vya nyama ya porini”. Maandishi hayo hayamsaidii mtu. Yanayotakiwa ni saa, mahali, namba ya gari, idadi ya miguu, kama nyama ni mbichi au imekauka, uzito, namba ya bunduki, idadi ya risasi, na majina na sahihi za watu watatu: aliyepekua, aliyepekuliwa na aliyeshuhudia. Tangu rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani imesisitiza kuwa kielelezo kionyeshwe kwa maandishi safari yake yote, kutoka mkono hadi mkono. Paja likitoka kizuizini kwenda kituoni, na kituoni kwa mthamini, kila makabidhiano yaandikwe. Pengo moja linatosha kumpa wakili pa kuingilia.

Linaloharibu kesi nyingi ni uteketezaji wa nyama. Nyama haikai hadi siku ya hukumu, kwa hiyo polisi huomba amri ya hakimu iteketezwe na hujaza fomu ya orodha ya vitu vinavyoteketezwa. Kanuni za Jumla za Polisi, PGO namba 229 aya ya 25, zinasema kielelezo kinachooza kipelekwe kwa hakimu pamoja na mtuhumiwa, na inapowezekana kipigwe picha kabla ya kuharibiwa. Katika rufaa namba 385 ya mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliikataa fomu ya namna hiyo kwa kuwa mshtakiwa hakupewa nafasi ya kusikilizwa mbele ya hakimu, na picha hazikupigwa. Simu ya mkononi ya askari yeyote ingeziba nusu ya pengo hilo kwa dakika moja. Bila hivyo, jangili wa kweli anatoka kwa rufaa baada ya kazi yote ya doria, na mwenye leseni aliyekamatwa kimakosa hana tena nyama ya kuonyesha kwamba miguu ilikuwa minne tu. Ndiyo sababu nasema karatasi inamlinda askari na mwindaji kwa pamoja, na pia inafunga mlango wa mazungumzo ya pembeni nyuma ya gari.

Kwa mabasi nitasema kwa ufupi. Begi lisilo na mwenyewe humwangukia kondakta. Kila mzigo wa buti uandikwe jina na namba ya tiketi wakati wa kupakia.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, magari yanayotoka Geita nayo hayapangi tena foleni ya kivuko, ambapo zamani kulikuwa na muda wa kuyakagua kwa utulivu. Upekuzi wa barabarani utaongezeka pande zote mbili za Mwanza. Naomba mamlaka zinazohusika ziweke katika kila kizuizi mzani, taa ya kutosha, meza, na kitabu cha risiti chenye namba za mfululizo na nakala tatu: ya mwenye gari, ya kituo, na ya kubaki kitabuni. Gari lililopekuliwa na kukutwa halina kosa nalo lipewe karatasi yenye saa, namba ya gari na sahihi ya askari, ili lisishushwe mzigo wote tena kizuizi kinachofuata.

Mwindaji mwenye leseni,
Magu, Mwanza